Risiva moja, amplifaya mbili na sebule ya Katonga

Mwezi huu safu yetu imehamia mwisho wa reli, Kigoma, na hatuzungumzii nyumba ndogo wala simu inayolala kifudifudi. Tunazungumzia mziki. Usicheke. Nimekaa kwenye safu hii muda wa kutosha kujua kuwa spika zinaweza kununisha watu wiki nzima kuliko hata mawifi.

Wenyewe ni mke na mume wa Katonga, pale ufukweni nje kidogo ya mji. Mume, ambaye mimi namwita shemeji, zamani alikuwa na banda la video. Unayakumbuka mabanda yale? Benchi za mbao, kiingilio cha sarafu, na sauti ya Lufufu ikitafsiri sinema ya Kichina kana kwamba imetengenezwa Tandale. Banda lilikufa baada ya kila mtu kuhamishia sinema kwenye simu. Shemeji akabaki na amplifaya mbili kubwa za ukumbini na spika zake, ambazo sasa anazikodisha kwenye harusi, na usiku anakwenda ziwani kuvua dagaa kama wenzake.

Sasa anataka kuzileta sebuleni. Amepiga hesabu kwamba akinunua risiva ya sinema ya nyumbani, aichomeke kwenye amplifaya zake, atakuwa na sauti ambayo Katonga haijawahi kuisikia. Mkewe, dada yangu wa hiari, anauza dagaa wakavu, na pesa inayotajwa ni ile aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya silingi bodi. "Kwani hiyo risiva si ina amplifaya yake ndani?" aliniuliza. "Ya nini tena mengine yale mapipa?"

Swali zuri sana hilo, na wauzaji wengi hawalipendi.

Tuanze na jina lenyewe, maana wengine ukisema risiva wanafikiria king'amuzi. Risiva ya sinema ni lile boksi linalopokea sauti kutoka kwenye TV, king'amuzi, deki au simu, likaigawa: maneno ya mwigizaji yaende spika ya katikati, gari lipite kutoka kushoto kwenda kulia, mvua inyeshe nyuma yako, mngurumo uende kwenye sabufa. Hiyo ndiyo akili. Halafu ndani yake zimo amplifaya ndogo ndogo, moja kwa kila spika, ambazo ndizo misuli. Mwenye amplifaya za pembeni ana misuli tayari. Anachonunua ni akili. Kwa hiyo maneno ya wati yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi hayamhusu sana. (Na yale ya "P.M.P.O. 5000" kwenye sabufa za mtaani hayamhusu mtu yeyote. Ni mapambo tu.)

Kitu cha kutazama kiko nyuma. Mwambie muuzaji aigeuze. Utafute matundu madogo ya duara yaliyoandikwa PRE OUT. Hapo ndipo sauti iliyokwisha kugawanywa inapotoka kabla haijaongezwa nguvu, ili uipeleke kwenye amplifaya yako. Risiva nyingi za bei nafuu zina tundu hilo kwa sabufa peke yake, basi. Mfano ni Denon AVR-X1700H, na hata kaka yake AVR-X2800H haina matundu ya spika kuu. Lazima upande hadi AVR-X3800H, ya mwaka 2022, ndipo unayakuta ya kila spika. Hiyo ya mwisho inaweza pia kuzipumzisha amplifaya zake za ndani zisifanye kazi bure huku ukitumia za nje. Ni mashine nzuri kweli, lakini ni zaidi ya dola elfu moja kabla hujafikiria ushuru na lori la kutoka Kariakoo. Nilipomtajia dada, alinyamaza. Ule ukimya wa mwanamke anayegeuza pesa kuwa magunia ya dagaa kichwani.

Ndiyo maana mimi nilimshauri shemeji aangalie iliyotumika. Risiva za daraja la juu za miaka ya nyuma zilikuwa na matundu hayo kwa ukarimu, na leo watu wanaziondoa kwa sababu hazipitishi picha za kisasa. Kwake hilo si tatizo. King'amuzi na deki vinachomekwa moja kwa moja kwenye TV, kisha sauti inatoka kwenye TV kwa waya wa mwanga na kuingia kwenye risiva. Picha haipiti huko kabisa. Anakosa nini? Anakosa sauti za darini za Dolby Atmos, teknolojia iliyoanza kwenye majumba ya sinema mwaka 2012. Lakini nyumba yenyewe haina silingi bodi bado, kwa hiyo tusimtanie.

Akiipata iliyotumika, aijaribu tundu kwa tundu na spika kwa spika, palepale dukani, asikubali kuambiwa "iko poa hiyo". Na asome kibandiko cha nyuma. Kikisema volti 120 imetoka Marekani, kikisema 100 imetoka Japani, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 utasikia harufu kabla ya muziki. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini ni gharama nyingine na uzito mwingine. Bora iliyoandikwa 220 hadi 240.

Kuhusu umeme wenyewe, Kigoma kwa miaka mingi ilikuwa inaendeshwa na majenereta ya dizeli, nje ya Gridi ya Taifa, mpaka mkoa ulipoanza kuunganishwa mwaka 2022. Wenyeji wameshajifunza kwamba umeme ukikatika, hatari ni dakika ule unaporudi. Wanachomoa kila kitu. Stabilaiza yenye kuchelewesha, kama ile ya friji, si anasa hapa. Na kuna utaratibu wa kuwasha: risiva kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake, amplifaya kwanza. Ukigeuza utaratibu, spika zinapigwa ngumi ya "dup!" na siku moja hazitaamka.

Sasa turudi kwenye swali la dada, maana nilimwahidi jibu la kweli. Je, mapipa yale yanahitajika?

Kwa sebule ya kawaida, si sana. Sauti ya kutazamia tamthilia inatumia wati chache tu. Ukizidisha wati mara mbili, sikio linapata desibeli 3, yaani tofauti utakayoisikia lakini haitakuangusha kwenye kochi. Ili mtu aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji takriban wati mara kumi. Tena spika za ukumbini zimeundwa zipige kelele kubwa kwa nguvu kidogo, kwa hiyo hata amplifaya za ndani ya risiva zinazitosha. Amplifaya ya nje inakuja na faida nyingine: bomu likilipuka kwenye sinema sauti haipasuki, risiva haichemki, na spika ngumu, zile za omu 4, haziitesi. Hizo ni faida za kweli. Ila si za kukosesha watoto dari.

Shemeji alisikiliza haya yote akitazama ziwani. Halafu akasema, taratibu, "Dada, zile amplifaya ndizo zilizobaki za banda langu." Hapo nikaelewa kuwa hatuzungumzii wati.

Kwa hiyo nikawapa mpango huu. Amplifaya moja ije nyumbani, iendeshe spika mbili za mbele, kushoto na kulia. Spika ya katikati na za nyuma ziendeshwe na risiva yenyewe. Kwa mtindo huo hahitaji hata risiva yenye matundu yote. Zipo zenye matundu ya mbele peke yake na zinamtosha. Amplifaya ya pili ibaki ya kazi, iendelee kuleta mshiko wa Jumamosi. Na harusi ikiwa kubwa ikazihitaji zote mbili? Aondoe, achomeke spika za mbele kwenye risiva, nyumba iendelee kuongea. Ndiyo sababu nilimkataza kununua ile mitambo ya kifahari isiyo na amplifaya yoyote ndani, maana siku ya harusi sebule ingekuwa bubu na dada angekuwa na la kusema. Tahadhari moja: spika moja isiunganishwe kwenye amplifaya na kwenye risiva kwa wakati mmoja. Moja au nyingine. Ukiunganisha zote, mojawapo itakufa, na haitakuwa ile ya bei rahisi.

Amplifaya za ukumbini zina vitimbi vyake. Mdomo wake wa kuingizia sauti ni ule mkubwa wa matundu matatu, wakati risiva inatoa kwa tundu dogo, kwa hiyo anunue waya wa kubadilisha, wa kiwandani, si wa kuunga kwa selotepu. Nyingi zinataka kati ya volti 0.775 na 1.4 ya ishara ili zitoe nguvu zote, na risiva nyingi zinafika volti moja bila taabu. Kwa sebule imezidi. Pakitokea mngurumo wa "mmmmm" usioisha, mafundi wengine watakwambia ukate ule mguu wa ethi kwenye plagi. Usikubali! Huo mguu ndio unaokulinda usife. Dawa ni kuchomeka vyote kwenye soketi moja, na ikishindikana, kuna kijitransfoma kidogo cha kuweka kwenye waya wa sauti.

Halafu feni. Ukumbini hakuna anayeisikia, sebuleni saa nne usiku inavuma kama mashine ya kusaga. Tumekubaliana amplifaya ikae kwenye korido, nyuma ya ukuta, mahali penye hewa, na waya upite kwenye tundu dogo. Vile vitufe vyake vya kuzungusha, baada ya kupima sauti kwa kile kipaza sauti kidogo kinachokuja na risiva, vizibwe kwa gundi ya karatasi. Mtoto akivigusa, hesabu yote inaharibika.

Mengine tuliyoyaongea hayana waya. Dagaa wanafuata taa, na mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazina kazi, kwa hiyo kuna siku kadhaa kila mwezi wanaume wa Katonga wanalala nyumbani. Dada aliniambia siku hizo anazihesabu. Na alivyoziwaza, hazikuwa za kuletewa vijana ishirini wa mechi sebuleni kwake. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, walikaa pamoja miezi mitatu, na anasema walizoeana upya, japo pesa ilikuwa ya shida. Nilimwomba amwambie shemeji hilo mwenyewe, mbele yangu. Akamwambia. Shemeji hakujua.

Pesa itakwenda hivi: silingi bodi ya chumba cha watoto kwanza, risiva baada ya msimu mzuri wa giza, bei itajwe kwa wote wawili kabla ya kulipa, risiti ikae kwa dada. Mechi zitaoneshwa mara moja kwa mbalamwezi, si zaidi. Zilizobaki ni sinema au nyimbo za nyumbani, na kwa mkoa uliotoa Lekadutigite mwaka 2012 hawatakosa cha kupiga.

Dada ameongeza sharti moja, kwamba remoti ikae upande wake wa kochi. Shemeji anasema bado analitafakari.