Kusomea Kilio cha Mtoto



Ndugu msomaji, juma lililopita baada ya sala ya Alasiri alinijia mzee mmoja wa mtaa wetu, akaketi kando yangu barazani, akashusha pumzi. Binti yake, ambaye ni muuguzi katika wodi ya wazazi, amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ng'ambo. Habari hiyo ingekuwa ya furaha tupu lau si jina la fani yenyewe: afya ya akili ya watoto wachanga.

"Sheikh," akaniuliza, "mtoto wa miezi mitatu ana akili gani hata iugue? Niuze kiwanja changu ili mwanangu akasomee kubembeleza watoto, kazi ambayo bibi yake aliifanya bila ya kupita skuli?"

Sikumcheka. Swali lake lilikuwa la haki, nami nina deni la zamani katika jambo hili, ambalo nitalitaja mbele. Nilimwomba siku chache nikasome kwanza.

Wenye fani hii wanaposema akili hawakusudii werevu wa kuhesabu. Wanakusudia ule uwezo wa mtoto, tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka mitatu au mitano, wa kufungamana na wanaomlea, kutulizwa nao anapoogopa, na kuanza kuujua ulimwengu akiwa na amani moyoni. Uwezo huo ukijeruhiwa, mtoto hana maneno ya kushtakia. Hushtaki kwa mwili: hukataa ziwa, hakamatwi na usingizi, hulia asitulizike, au huacha kulia kabisa.

Miongoni mwa waasisi wa fani hii ni Bi Selma Fraiberg wa Michigan, Marekani. Yeye na wenzake hawakungoja wazazi waje hospitalini. Waliwaendea majumbani, na tiba mara nyingi ilifanyika jikoni, mtoto akiwa papo hapo. Mwaka 1975 waliandika makala mashuhuri wakieleza kwamba chumba cha mtoto huwa na mizuka. Sisi watu wa pwani tukisikia mizuka hukumbuka mibuyu na majini, lakini wao walikusudia machungu ya utotoni mwa mzazi mwenyewe, yaliyozikwa bila ya kuliliwa, ambayo hufufuka pale anapompakata mwanawe. Walisimulia habari ya mama kijana ambaye mwanawe alilia mbele yake naye kama hasikii. Hawakumkaripia. Walimsikiliza yeye kwanza, na machungu yake mwenyewe yalipopata msikilizaji, alianza kukisikia kilio cha mwanawe na kumkumbatia.

Jambo lililonistaajabisha zaidi ni kwamba sehemu ya elimu hii ilichimbwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1950, Bi Mary Ainsworth alikaa Uganda, akazitembelea familia 26 za vijiji vilivyo karibu na Kampala, akitazama namna akina mama wanavyoishi na watoto wao wanaonyonya. Aliona kwamba mama aliyeweza kumsimulia mambo mengi madogo madogo ya mwanawe, anapenda nini, anachukia nini, analia vipi akiwa na njaa, aghalabu ndiye aliyekuwa na mtoto mwenye utulivu wa moyo. Kitabu chake juu ya utafiti huo kilitoka mwaka 1967, nacho ni msingi wa wanayosomeshwa wanafunzi wa vyuo vikuu hii leo.

Je, wanasoma vipi? Katika taasisi ya Tavistock mjini London, tangu mwaka 1948 kwa mwongozo wa Bi Esther Bick, mwanafunzi hupewa nyumba moja yenye mtoto mchanga. Huenda kila wiki kwa muda wa saa moja, na huendelea hivyo kwa miaka miwili. Haandiki mbele ya mama, wala hatoi nasaha. Hutazama tu, akirudi huandika, kisha huyajadili na wenzake pamoja na mwalimu. Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, huyaambatanisha mafunzo haya na shahada za juu za fani kama uuguzi, saikolojia na ustawi wa jamii. Wanaofanya kazi hii pia huwa na msimamizi ambaye hukutana nao mara kwa mara, si kwa kukagua tu, bali kuwauliza: kilio kile kilikufanyia nini moyoni mwako? Kwani mwenye kubeba huzuni za watu bila ya pa kuzitua, mwisho huwa mgumu kama jiwe.

Sasa nilipe deni langu. Miaka iliyopita niliitwa kumsomea mzazi aliyekuwa ndani ya arubaini. Nilimkuta ameelekea ukutani, hasemi, hali. Mtoto alikuwa mikononi mwa bibi yake, kimya kabisa. Nikasoma, nikamuusia mama kusubiri, kisha nikamsifu mtoto kwa utulivu wake, nikaondoka. Miezi ikapita kabla ya muuguzi mmoja wa kliniki kutambua kwamba mama yule alikuwa mgonjwa wa huzuni ya uzazi, na kwamba mtoto hatafuti tena nyuso za watu. Walitibiwa wote wawili, wakapona polepole, alhamdulillahi. Utulivu niliousifu ulikuwa ni wa mtoto aliyechoka kuita. Dua haikuwa kosa. Kosa ni kwamba niliishia hapo.

Nasi ndio umma uliofundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akinuia kurefusha sala, kisha akisikia mtoto analia akaifupisha, kwa kuujua uchungu wa mama yake. Alikisikia kilio, akamfikiria na mama. Hayo mawili ndiyo ambayo fani hii haiyatenganishi.

Basi nilimrudia mzee. Nikamwambia, bibi yake binti alijua, tena alijua sana. Lakini bibi alikuwa na nyumba iliyojaa shangazi na masomo, mzazi akikandwa na kupikiwa uji siku arubaini. Leo yuko mama anayejifungua na kurudi peke yake katika chumba cha kupanga. Yuko anayekwenda Arabuni kutafuta riziki na kumwacha wa miezi sita, na kitoto hicho kikabadilishiwa walezi mara tatu kwa mwaka. Hawa nani atawasoma?

Kuhusu kiwanja sikumtolea fatwa. Nilimshauri binti aulize kwanza kama mafunzo yana ziara za majumbani na msimamizi, atafute ufadhili kabla ya kuuza kitu, na akirudi akae na wakunga wetu, awafunze na ajifunze kwao.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mama yake alipomzaa huyu binti, alilia miezi mitatu. Nilidhani ni utundu." Hatukusema zaidi. Alipoinuka aliniomba nimsaidie kuandika barua ya kuombea ufadhili.

Wazazi wenzangu, tusingoje binti huyo ahitimu. Ukimwona mzazi haoni ladha ya mwanawe kwa wiki mbili au zaidi, au mtoto hatazami wala haitikii sauti, mpelekeni kliniki wote wawili, na dua iwasindikize. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake hata saa moja; mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo. Wala asiambiwe kwamba imani yake ni haba.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.