Ramli ya Kuingia Chuo

Msomaji, liko swali moja ambalo wanafunzi wa kidato cha nne huulizana kila mwaka, bwenini na njiani, kabla ya mtihani na baada yake: "Je, waonaje, nitapata nafasi?" Aulizwaye aghalabu hujua machache kuliko yule aulizaye. Hajapata kuyafunua madaftari ya mwenzake, hajui waombaji wengine ni wangapi, wala hajui watahini watatoa alama gani. Walakini hujibu. Akiwa mpole husema, "Utapata bila shaka." Akiwa mkali husema, "Chuo kile si cha watu kama sisi." Majibu hayo mawili, moja tamu na moja chungu, yana thamani ile ile. Yote mawili ni ramli. Insha hii yaja kushindana na ramli hiyo, maana imewafungia vijana wengi milango ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameifunga.

Sisemi kwamba ni aibu kutaka kujua mambo yajayo. Mkulima wa Malava hutazama mbingu kabla ya kutia mbegu ardhini, na wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima huyo huyatazama mawingu yenyewe. Hamwulizi jirani yake aliyejifungia ndani ya nyumba, naye jirani asiye na dirisha hampi habari za mbinguni. Kupima ni kazi ya akili. Kubahatisha ni mchezo wa hofu. Mwanafunzi apaswa kujua tofauti ya mambo hayo mawili kabla hajajaza fomu ya kuomba nafasi.

Mji wetu wa Kakamega una somo lake katika jambo hili. Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana karibu na mji huu, na mwaka uliofuata watafutaji walimiminika kutoka pande nyingi. Katika kila mbio za namna hiyo huwako watu wa aina mbili. Wa kwanza humwona jirani ameokota chembe ya dhahabu, naye huamini kwamba ataokota kama yeye. Wa pili humwona jirani ametoka mikono mitupu, naye huamini kwamba ardhi yote ni tupu. Ardhi haikuwasikiliza hawa wala wale. Mgodi wa Rosterman ulichimbwa mpaka mwaka 1952, kisha ukafungwa. Tena, mwaka ule ule wa 1932, ambao watu wengi walikuwa wakishika sululu, ilianzishwa shule ya serikali ambayo leo yajulikana kwa jina la Kakamega School, nayo yafundisha mpaka sasa.

Hata hivyo, mwanafunzi ana heri kuliko mtafuta dhahabu. Dhahabu ilikwisha wekwa chini kabla mchimbaji hajazaliwa. Jitihada yake haikuweza kuiongeza hata kwa chembe moja. Alama zako hazijawekwa mahali popote. Wewe mwenyewe ndiwe uziwekaye, leo kidogo na kesho kidogo. Basi yeyote akutabiriaye mwezi wa Februari alama za mtihani wa Novemba, asema habari za kitu ambacho bado hakijakuwapo, na wewe ukimsadiki, wamsaidia kukifanya kiwe kama alivyosema.

Tuje kwenye hesabu, maana watabiri wetu hupenda sana kutumia hesabu. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 walikuwako watahiniwa zaidi ya 960,000. Waliopata daraja ya A walikuwa 1,693, yaani chini ya wawili katika kila elfu. Waliopata C+ na zaidi, daraja ambayo humstahilisha mtu kuomba shahada ya chuo kikuu, walikuwa 246,391, yaani karibu mmoja katika kila wanne. Kijana huzisikia hesabu hizi akaanguka moyo. Husema, "Mimi nina nafasi mbili katika elfu." Hapana! Hesabu hiyo yaeleza habari za umati. Haielezi habari za mtu. Daraja ya A haigawiwi kwa kutupiana kura. Asomaye kila usiku na yule asiyefungua kitabu wote wamo ndani ya elfu hiyo moja, lakini nafasi zao hazilingani hata kidogo. Hesabu ya umati ni ya kweli, ila aichukuaye na kuivaa kama kanzu yake mwenyewe amevaa nguo isiyomtosha.

Liko kosa jingine lililo kubwa zaidi. Watu husema kwamba kozi ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi "yataka alama kadha wa kadha," nao husema hivyo kana kwamba alama hizo zimechongwa juu ya lile jiwe liliالo la Ilesi. Tuchungue jambo lenyewe. Shirika la taifa ligawalo nafasi za vyuo, KUCCPS, hupima waombaji kwa alama za kundi. Alama hizo hutokana na masomo manne yahusuyo kozi iombwayo, pamoja na jumla ya matokeo ya mtihani mzima, na upeo wake ni 48. Waombaji hupangwa kwa alama hizo, wa juu wakatangulia, mpaka nafasi zikaisha. Alama za yule aliyeingia wa mwisho ndizo zitangazwazo na kuitwa kizingiti cha mwaka huo. Basi kizingiti hicho ni unyayo wa mtu wa mwisho aliyepita mlangoni. Mwaka ujao, wakija wengi wenye alama za juu, unyayo utapanda. Wakija wachache, utashuka. Hakuna afisa aliyeuweka kabla, wala hakuna ajuaye utakuwa wapi kabla waombaji hawajaomba.

Usichanganye unyayo huo na masharti. Masharti ni ukuta wa kweli. Asiye na C+ hapokewi moja kwa moja kusoma shahada, na kozi nyingi zina masomo yake ambayo lazima mwombaji awe ameyapita kwa daraja iliyotajwa. Masharti yameandikwa, na kila mtu aweza kuyasoma. Kwa hiyo njia ya kupima ni rahisi, nayo haihitaji mganga. Kwanza, soma masharti. Pili, tazama vizingiti vya miaka kadhaa, si vya mwaka mmoja tu. Tatu, linganisha na alama zako halisi. Zikiwa juu sana ya unyayo, tumaini lako lina msingi. Zikiwa chini sana, iweke kozi hiyo kama tamaa, na chini yake panga chaguo nyingine zilizo karibu nawe. Zikiwa karibu karibu, basi elewa kwamba hapana mwanadamu awezaye kukuambia yatakayotokea, nawe omba.

Najua liko neno litakalosemwa dhidi yangu, na lasemwa na watu wenye busara. Mwalimu mmoja atasema, "Wewe wawadanganya watoto. Mtoto dhaifu hana budi kuambiwa ukweli mapema, asije akapoteza chaguo zake zote kwa kutamani nyota." Neno hilo ni zito, na nusu yake nalikubali. Anayeweka chaguo zake zote juu ya udaktari, ilhali kemia imemshinda, hana ushujaa. Ana kiburi au uvivu wa kufikiri. Siku ya mapigano ya mafahali wa Isukha na Idakho, ngoma ya isukuti humsindikiza fahali uwanjani kwa shangwe kubwa, lakini isukuti haimpi fahali pembe. Vivyo hivyo sifa za marafiki hazimpi mtahiniwa alama.

Lakini nusu ya pili naikataa. Kumwambia mtoto ukweli na kumtabiria ni mambo mbalimbali. Mwalimu akisema, "Alama zako za kemia ziko chini ya sharti, na imebaki miezi saba," amesema kweli, tena kweli iwezayo kutendewa kazi. Akisema, "Shule yetu haijapata kutoa daktari," amepiga ramli. Ameacha alama za mtoto akapima jina la shule. Wengine hupima kijiji, wengine hupima umaskini wa baba, na wengine, kwa dhuluma iliyo kubwa kupita zote, hupima kwamba mwombaji ni msichana. Hesabu ya alama za kundi haiulizi kama nyumba yenu imeezekwa kwa bati au kwa nyasi. Iwapo hesabu yenyewe haiulizi, kwa nini wewe uulize kwa niaba yake? Msichana wa shule ya kutwa ya Shinyalu ambaye hakuomba hahesabiwi miongoni mwa waliokataliwa. Hahesabiwi kabisa. Hilo ndilo hasara iliyo kubwa, maana haionekani katika daftari la mtu yeyote.

Historia yetu yatusaidia hapa. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa elimu ya juu kwa vijana wa Kiafrika wa nchi hizi. Mlango huo ulikuwa mwembamba sana. Ambaye angejipima kwa mlango huo peke yake angejihesabu kuwa ameshindwa. Hata hivyo mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, wanafunzi 81 waliruka kwenda Marekani kusoma. Mwaka 1960 alikwenda Wangari Maathai, binti wa Nyeri, wakati ambapo wasichana waliomaliza shule walitarajiwa kuwa walimu au wauguzi. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu Nairobi, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wale waliosafiri hawakuwa na mtu wa kuwahakikishia kitu. Waliomba, wakajiandaa, wakaenda.

Nataka kusema neno moja zaidi kwa yule ambaye ataomba na kukosa. Chuo kina vitanda, maabara na walimu kwa idadi maalumu. Shule ya udaktari ina wadi zenye wagonjwa wa kufundishia kwa idadi maalumu. Nafasi zikiisha, mlango hufungwa, hata kama aliyebaki nje ana akili sawa na aliyeingia. Kukosa nafasi kwaeleza udogo wa nyumba. Hakuelezi udogo wa mgeni. Tena mchagua nazi hupata koroma. Wako vijana wa Kakamega wanaodharau Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kwa sababu tu wanapita mbele ya lango lake kila siku. Chuo hicho kilianza mwaka 1972 kikiwa chuo kidogo cha Magharibi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, nacho hufundisha, pamoja na mengine, wauguzi. Mgonjwa anayeamka salama haulizi muuguzi wake alisomea mji gani.

Basi, msomaji, liache swali lile la bwenini. Usiulize tena, "Nitapata?" maana hakuna wa kukujibu. Uliza maswali yenye majibu: Masharti ni yapi? Nimepungukiwa katika somo gani? Nani aweza kunifundisha somo hilo, na imebaki miezi mingapi? Ukiisha kuyajibu, jaza fomu yako kwa mkono usiotetemeka, weka tamaa yako juu na tahadhari yako chini yake, kisha urudi kwenye vitabu. Kuchagua ni kazi ya chuo, nacho kina watu wa kuifanya. Usiwafanyie kazi hiyo bure, tena dhidi ya nafsi yako.