Twiga Stars Wabaki Nyumbani Wakijifunza Nini?

Hoja kwamba Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, isishiriki fainali za WAFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, mpaka iwe na uwezo wa kulitwaa, inasoma msimamo wa kundi bila kuusoma mchezo wenyewe. Ni kweli kwamba mwaka 2010, nchini Afrika Kusini, timu hiyo ilipoteza mechi zote tatu, na kwamba mwaka 2025, nchini Morocco, iliburuza mkia. Lakini huko Morocco, baada ya kufungwa 1-0 na Mali, iliwakabili mabingwa watetezi, Afrika Kusini, ikatangulia kwa bao la Opa Clement na kutoka sare ya 1-1, ikapata pointi yake ya kwanza katika fainali hizo. Kipigo cha 4-1 kutoka kwa Ghana hakina utetezi. Hata hivyo, mwenye hoja hiyo ya timu kubaki nyumbani hana budi kueleza, jambo alilolikwepa, beki atajifunzia wapi kumkaba mshambuliaji wa kiwango hicho, ilhali pengo la miaka 15 kati ya fainali hizo mbili, ambalo ndilo lililopaswa kumkera, halikumtoa hata sentensi moja.