Majina kufanana si wizi

Kila mutu anayechimba huku Tanganyika, jina lake liko mahali pengi. Liko kwa shefu wa avenyi. Liko kwa CENI juu ya karte ya uchaguzi, liko kwa Divisheni ya Mines inayotoa karte ya muchimbaji, liko kwa koperative. Kama familia ilikimbia vita ao maji ya ziwa, liko tena kwenye liste ya wale wanaogawa musaada. Wakubwa wakiweka liste hizo pamoja na kuzilinganisha, wanaweza kukamata wadanganyifu. Sisi hatukatai. Lakini tuna masharti.

Wizi uko, tusifichane. Mu 2018 CENI ilitosha mu liste ya wachaguzi zaidi ya majina milioni 5 yaliyoandikwa mara mbili. Mu mwezi wa 4 wa 2023, Inspection Générale des Finances ilisema kwamba kwenye liste ya mishahara ya Serikali kulikuwa watu 145.604 wenye numero za kazi zisizo za kweli. Hizo ni feza za mwalimu wa Nyunzu na za muganga wa Manono. Hata mu karière, sheria inasema karte ni ya Mukongomani mukubwa aliye mu koperative. Karte moja ikitumiwa na watu watatu, ao mutoto akiandikwa kama mukubwa, ni sisi wachimbaji wa kweli tunaoumia.

Lakini mashini inaona maandishi, haioni mutu. Kwetu mutu ana majina matatu. Biro moja inaanza na la kwanza, ingine na la pili, na kwa ingine tena herufi moja inapotea. Kisha kuko familia zilizotoka kando ya ziwa sababu maji yalipanda, na zile zilizokimbia vita vya Watwa na Waluba. Mutu wa namna hiyo atakuwa na avenyi mbili mu liste mbili. Je, ni mwizi?

Uholanzi walifanya haraka. Wakubwa wa kodi walihukumu maelfu na maelfu ya wazazi kwamba waliiba musaada wa watoto, kumbe wengi hawakuiba kitu. Familia zilibaki na madeni, na mwanzo wa 2021 serikali yote ilijiuzulu. Kenya, mu mwezi wa 10 wa 2021, tribinali ilisema ilikuwa kinyume cha sheria kugawa kadi za Huduma Namba mbele ya kupima hatari kwa siri za watu. Uingereza, komini zinalinganisha liste za mishahara na za nyumba, lakini zinapaswa kujulisha wakaaji. Na majina yakifanana, hiyo haihesabiwe kuwa wizi: ni sababu tu ya kuenda kuangalia.

Hata kwetu sheria iko. Katiba, article 31, inalinda maisha ya siri ya kila mutu. Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inakupa haki ya kujua nani anashika habari zako, kuziona na kuzisahihisha.

Basi tunaomba maburugumestre wa Kalemie, Lac na Lukuga, Divisheni ya Mines na SAEMAPE mambo matatu. Kwanza, mutuambie mbele, kwa radio na kwa Kiswahili, ni liste gani mutalinganisha na juu ya nini. Pili, musinyanganye mutu karte wala musaada mbele ya kumuita na kumusikiliza. Kosa la herufi lisahihishwe bure. Tatu, liste isitoke mu mikono ya mwenye kazi. Karatasi inayoonyesha nani anachimba wapi na nani amepokea feza, ikifika kwa wenye bunduki, itamwaga damu.

Na sisi tuwe na akili. Ukiombwa fotokopi ya karte, uliza ni ya nini, na uandike juu yake tarehe na sababu. Angalia jina lako na la bibi yako yameandikwa namna moja kila mahali. Yakiwa na kosa, sahihisha sasa, usingoje siku ya kuitwa mwizi.

Mwizi akamatwe. Asiye mwizi apewe mahali pa kusemea.