Saidia fundi asiishie kwenye zege



Vijana wengi wanaoingia kwenye ujenzi kama saidia fundi hukoroga zege na kubeba tofali miaka nenda rudi, kisha hulalamika kwamba hawafundishwi. Mara nyingi ni kweli. Sisi mafundi tuna uchoyo. Hata hivyo, ufundi haufichiki kwa anayetazama. Msingi unapopimwa, angalia kamba: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na mshazari ukisoma 5, kona imekaa mraba. (Hesabu hiyo tuliisoma shuleni tukaiacha huko huko.) Uliza kwa nini ukuta mpya unamwagiliwa: saruji hupata nguvu kwa maji, haikauki tu kama matope. Na kabla ya simu mpya, nunua mwiko, timazi na pimamaji vyako.

Ukishaijua kazi, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Aliyejifunzia kazini hupimwa, akifaulu hupewa cheti.

Mafundi wenzangu, kazi ya siku ikiisha mwacheni kijana ajenge kozi moja ya tofali kwenye uzio, kisha ipimeni kwa timazi mbele yake. Ikipinda, aibomoe mwenyewe mota ikiwa mbichi.

Fundi mwashi,
Morogoro