Nauli ya Mama Mlezi

Kwenye makadirio ya semina ya vijana tuliyoiandaa Bagamoyo kulikuwa na mstari mmoja uliozua maneno kuliko mchele, basi na spika za kukodi. Mstari huo ulisomeka: "Nauli, Mama Mlezi na watoto wawili." Katika kikao cha Halmashauri ya Walei mjumbe mmoja aliuliza kama parokia inapeleka vijana kwenye semina au inapeleka familia ya mtu ufukweni. Watu wakacheka. Mstari ukakatwa kwa kalamu. Sisi mafrateri wawili tuliokuwa pale kwa mwaka wa kichungaji, na ambao ndio tuliouandika mstari wenyewe, hatukusema neno. Tukiwa wakweli, tulishusha pumzi, maana fedha haikutosha na sasa palikuwa pamepatikana pa kupunguzia.

Tangu siku hiyo tumelizungumza jambo hili mara nyingi, sisi kwa sisi na wenzetu seminarini. Tunaona kikao kile kilikosea, na sisi tulikosea zaidi, kwa kuwa tunajiandaa kuviongoza vikao vya namna hiyo maisha yetu yote.

Kwa asiyeijua kazi ya ulezi, tueleze kidogo. Parokia yenye VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, huwa na walezi walei wanaosaidiana na paroko kuwatunza vijana. Sifa inayotazamwa mapema kabisa ni ndoa. Anatafutwa mtu mwenye ndoa takatifu, anayeishi vizuri na mwenzake, ili vijana wapate mfano wa karibu. Hilo ni jema, wala hatulipingi. Lakini tazama kinachofuata. Tukishampata mtu huyo, tunamwita Ijumaa jioni kwenye kikao cha maandalizi, Jumamosi kwenye mazoezi ya kwaya ya vijana, Jumapili baada ya Misa ya pili kwenye mkutano. Kwaresima kuna mafungo, Pasaka kuna matembezi, katikati ya mwaka kuna kambi. Tunamchagua kwa sababu ya nyumba yake, kisha tunahakikisha hakai humo.

Mlezi wetu ni fundi umeme. Siku za kazi anazunguka na mkoba wake kuanzia Bunju mpaka Mapinga, akirudi jioni amechoka. Mkewe ni fundi cherehani. Hawajawahi kuiomba parokia chochote, na nauli ile wala si wao walioiomba. Tuliiandika sisi baada ya kuona namna mtoto wao mdogo alivyomlilia baba yake getini siku moja tulipompitia kwa pikipiki.

Mstari ulipokatwa, hawakulalamika. Siku ya safari sisi na vijana tulipanda Coaster ya kukodi, tukaimba kuanzia Bunju mpaka Kiromo. Baba Mlezi akatuambia tutangulie. Yeye, mkewe na watoto walikuja na daladala ya Bagamoyo kwa nauli yao wenyewe, wakasimama njia nzima. Walifika sisi tumeshakunywa chai. Mama alikuwa na mtoto mgongoni na mfuko wa nguo mkononi, na yule mkubwa alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Tuliona aibu, ingawa haikutuzuia kumpa Baba Mlezi ratiba na kumwonyesha kipindi chake cha saa 5.

Usiku wa kwanza, minong'ono ya waumini wachache waliofuatana nasi ilitufikia. Mbona kuna watoto wadogo? Nani anawalisha? Hapo tukaamua kumtetea. Tukasema kwa sauti, tena kwa kujiamini, kwamba Mama Mlezi ana faida kubwa: amesaidia jikoni, atalala chumba kimoja na wasichana, na wasichana wana mambo ambayo hawawezi kumweleza frateri. Yote hayo yalikuwa kweli. Yeye alikuwa anakosha sufuria hatua chache tu kutoka tulipokaa. Akafuta mikono, akaja.

"Nawashukuru, mafrateri, kwa kunisemea," alisema. "Ila mimi sikuja kupika. Kupika ningepika kwangu. Nimekuja kwa sababu leo ni Jumamosi, na tangu Kwaresima sijakaa na mume wangu Jumamosi hata moja."

Baba Mlezi hakujibu kitu. Alimchukua mtoto, akatoka naye nje.

Maneno yale yametutesa. Tulidhani tunamheshimu, kumbe tulikuwa tunamtafutia kazi ya kufanya ili nauli yake ihalalike, kana kwamba mke wa mlezi ni lazima awe na faida kwetu ndipo aruhusiwe kukaa karibu na mumewe.

Kesho yake, baada ya Misa, tuliwapeleka vijana kutembelea misheni kama inavyofanyika siku zote: msalaba ulio kando ya bahari, mbuyu wa wamisionari, mnara wa kanisa la zamani, makaburi. Tukawaeleza yale tunayoyajua kwa moyo. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Waliwakomboa watoto na watu wazima kutoka utumwani, wakawalea, wakawafundisha kazi na sala, na walipokua wakawafungisha ndoa na kuwapa makazi katika kijiji cha Wakristo. Kisha imani ikapanda kwenda bara: Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, Morogoro mwaka 1882.

Tukiwa tunasema hayo, jambo moja tulilolipita mara nyingi likatukaa vibaya. Mapadre hawakupanda kwenda Mhonda peke yao. Walifuatana na wanandoa vijana waliolelewa Bagamoyo. Bila wao misheni mpya ingekuwa nyumba ya wageni weupe katikati ya milima ya Nguru. Pakiwa na mume na mke, pana shamba, pana jiko linalofuka moshi, pana mtoto wa kubatizwa, na jirani anaona Mkristo ni mtu wa namna gani akiwa kwake. Kwa maneno mengine, Kanisa la bara lilianza na safari ya kikazi ya watu na wake zao. Hata hivyo, katika maelezo tuliyozoea kuwapa mahujaji, mapadre tunawataja kwa majina na wanandoa wale tunawataja kwa jumla. Kwenye makaburi tunasimama mbele ya mapadre, mabruda na masista. Kuhusu wale wengine tunasema tu "familia kadhaa", halafu tunaenda kula.

Wala tusiwapake sukari wamisionari. Ndoa nyingi zile zilipangwa chini ya macho yao, na mtu aliyetoka utumwani hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua aishi wapi. Wapo waliotoroka. Familia zilihitajika kwa sababu zilikuwa na manufaa kwa misheni: zililima, zilizaa, zilionekana. Tulipolifikiria hilo mbele ya makaburi, tuliyasikia tena maneno ya Mama Mlezi kuhusu kupika. Kumbe namna yetu ya kumtetea ilikuwa ya zamani sana katika mji huu.

Maandiko yanatupa picha tofauti. Mtume Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na mkewe Priskila, akashona mahema pamoja nao. Alipopanda meli kwenda Siria waliondoka naye wote wawili mpaka Efeso, na huko wote wawili wakamfundisha Apolo. Katika salamu zake Paulo anawataja pamoja, tena mara nyingine akianza na mke. Na katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho anasema waziwazi kwamba mitume wengine, Kefa akiwemo, walisafiri na wake zao, na kwamba hiyo ilikuwa haki yao, ingawa yeye mwenyewe hakuitumia. Sisi waseminari tunapenda kuisoma sura ya saba ya barua hiyo, pale anaposema mwenye mke hushughulika na namna ya kumpendeza mkewe. Tunaisoma kama sifa kwetu tusiooa. Ni mara chache tunaisoma kama maelekezo ya kazi: kwamba mtu huyu tuliyemwomba atusaidie anao mwingine anayepaswa kumpendeza, na Mtume halioni hilo kuwa kosa.

Tarehe 19 Oktoba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu Petro To Rot wa Papua New Guinea. Alikuwa katekista, mume na baba, na aliuawa mwaka 1945 kwa sababu alisimama kuitetea ndoa ya Kikristo. Makatekista na walezi wetu sasa wanaye msimamizi aliyeufahamu mzigo wao wote wawili.

Sasa tumjibu yule mjumbe wa Halmashauri, maana hoja yake haikuwa ya kijinga. Fedha ya parokia ni jasho la watu. Kwenye vigango vya pwani kuna mama anayelima mwani kule Mlingotini, akitumbukia majini kufunga kamba, na anatoa zaka kwa alichopata. Kuna mvuvi ambaye wiki nzima upepo umemkatalia. Kuwatoza hawa ili mtu aende na watoto wake Bagamoyo, si dhuluma? Tumeona pia viongozi wanaogeuza kila safari ya Kanisa kuwa matembezi ya ukoo, na shangazi akiwemo. Hofu hiyo ina msingi.

Lakini huyohuyo mvuvi tumemsikiliza. Akienda dago, mkewe anajua. Wanahesabu pamoja bamvua na maji mafu, siku za kuwa mbali na siku ya kurudi, na akirudi anarudi na kitu. Ukimwambia kwamba parokia inamchukua mume wa mtu kila mwisho wa juma bila kumuuliza mkewe, bila siku ya kurudi na bila kitu mkononi, hatakwambia kwamba ni uadilifu wa fedha. Tumejaribu kumwuliza mmoja. Alitikisa kichwa, akauliza, "Na huyo mama alikubali?"

Hakuna aliyemwuliza. Hapo ndipo tunapoona kosa lilipo, kabla hata ya nauli. Mlezi anapoteuliwa, paroko anaongea naye, anaafiki, jina linatangazwa Jumapili. Mkewe analisikia akiwa kwenye benchi pamoja na waumini wote. Pale ambapo mlezi ni mwanamke mambo huwa tofauti, maana mume akikataa haendi popote. Kwa hiyo kuuliza tunajua, ila tunajua kuuliza upande mmoja tu.

Kwa maoni yetu paroko anayemteua mlezi aende nyumbani kwake, akae, azungumze na wote wawili, aseme ni siku ngapi kwa mwezi anazoziomba, na azishike. Nauli ya mwenzake na watoto wadogo iwekwe kwenye makadirio tangu mwanzo, kwa safari ya kulala nje, ili isionekane kama upendeleo wa dakika za mwisho. Kama hataki kuja, asilazimishwe, wala asiulizwe mbele za watu mbona hakuja. Na kama fedha haipo kabisa, basi safari ifupishwe. Tunajua namna ya kufupisha mambo mengine.

Hili si la parokia moja. Machi 2025 Papa Fransisko aliunda Jimbo la Bagamoyo kwa kumega maeneo ya Dar es Salaam na Morogoro. Jimbo jipya huandika miongozo, huunda idara, huteua walezi wa vijana kila kigango. Tukiwa watoto wa pwani hii tunaomba jambo la familia za walezi liingie mapema, kabla mazoea hayajawa sheria.

Na sisi tulio seminarini tujichunguze. Tutakapokuwa maparoko tutaishi bila mke, na saa zetu za jioni zitakuwa za kundi zima. Ni rahisi mno kudhani kila anayetusaidia anazo jioni za namna hiyo. Wakati wa malezi tunafundishwa useja wetu kwa miaka, lakini ratiba ya mtu mwenye watoto watatu hatuijui mpaka tumwone mtoto akilia getini.

Hija ya vijana inakaribia tena, na makadirio tumeyaandika upya. Safari hii tumeanza na nauli ya familia ya mlezi, mchele ukafuata. Kabla ya kuyapeleka kikaoni tulikwenda nyumbani kwao tukawauliza. Mama Mlezi alicheka kidogo, akasema mwaka huu haji, ana magauni kumi na moja ya Komunyo ya Kwanza ya kumaliza, na nauli yake tuwape vijana wawili wasio na kitu. Alichoomba ni kwamba Baba Mlezi awe amefika nyumbani Jumamosi kabla watoto hawajalala. Tumeandika hilo pia kwenye ratiba: basi linaondoka Bagamoyo saa 9 alasiri.