Siku hamsini za Pasaka zifike nyumbani



Leo ni Jumapili ya pili ya Pasaka, ambayo tangu mwaka 2000 Kanisa lote huiadhimisha pia kama Jumapili ya Huruma ya Mungu. Wengi wetu tunadhani Pasaka ilikwisha Jumatatu iliyopita, mapumziko yalipomalizika na nguo za sikukuu zikarudishwa sandukuni. Kwa Kanisa Katoliki si hivyo. Siku nane zilizopita tumeziadhimisha kama siku moja, na Pasaka inaendelea kwa siku hamsini, hadi Pentekoste. Mshumaa tuliouwasha katika mkesha, wenye chembe tano za ubani na tarakimu za mwaka, utaendelea kuwaka kanisani katika kipindi chote hicho.

Kwaresima ni siku arobaini, Pasaka ni siku hamsini. Hesabu hiyo yenyewe ni fundisho. Mama Kanisa ametupa muda mrefu wa kufurahi kuliko muda wa kufunga, na mababa wa Kanisa waliziona siku hizi hamsini kama Jumapili moja kubwa. Hata hivyo, tukisema ukweli, tunajua kushika Kwaresima kuliko tunavyojua kushika Pasaka.

Katika vigango vyetu huku Mpwapwa, Kwaresima huonekana kwa macho. Ijumaa watu hujaa kwenye Njia ya Msalaba, jumuiya ndogo ndogo hukusanya sadaka kwa ajili ya wahitaji, na wanaume wengi huacha pombe kwa siku zote arobaini. Wanaahidi na wanatimiza. Kisha Pasaka inafika, nao wanasema wamefungulia. Vilabu hujaa, na aliyejinyima siku arobaini hutaka kuzifidia zote kwa siku mbili.

Sasa tuweke kalenda ya Kanisa kando ya kalenda ya shamba. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia 21 Machi au baada yake, kwa hiyo huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Maana yake ni kwamba Pasaka hutukuta shamba likiwa kijani na kihenge kikiwa kinaonyesha sakafu. Mtama na uwele bado viko shambani. Ni miezi ambayo mama hupima unga kwa kiganja na mboga ya kila siku ni mlenda.

Na pombe yetu ya kienyeji hupikwa kwa mtama huo huo na uwele huo huo. Nafaka iliyofanywa kimea hairudi tena kuwa ugali. Shilingi iliyobaki kilabuni haifiki mashineni. Katika Ugogo, nchi iliyopita katika njaa ya Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920, hakuna haja ya mtu kutoka mbali kuja kutueleza thamani ya debe moja la nafaka.

Ndiyo maana zipo nyumba ambamo Kwaresima ndiyo iliyokuwa kipindi cha neema. Baba alirudi mapema, watoto walikula jioni, daftari likanunuliwa, mama akalala bila hofu. Pasaka ilipoingia, hayo yote yakatoka. Mtoto wa nyumba hiyo akipiga magoti kusali, anaweza kabisa kuomba Kwaresima isiishe. Habari Njema ya ufufuko imefika mlangoni kwake ikageuka habari mbaya. Hilo linapaswa kutuumiza sisi tunaoimba Aleluya.

Sisemi kwamba pombe ni dhambi. Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai kule Kana, na divai ndiyo tunayotumia altareni. Ninachouliza ni kwamba tulifunga kwa ajili gani. Mfungo ni mazoezi ya maisha mapya. Haukuwa mkopo tuliomkopesha Mungu, ili sasa tumdai pamoja na riba.

Mtume Paulo anawaambia Wakorintho waiondoe chachu ya zamani, kwa kuwa Kristo, Pasaka wetu, amekwisha kutolewa sadaka. Wapika pombe wa kwetu watamwelewa kuliko wengine: machicha ya jana yakibaki mtungini, ya leo yatachacha upesi. Usiku wa mkesha tulishika mishumaa, tukamkataa Shetani kwa sauti na kurudia ahadi za ubatizo. Anayesema hivyo Jumamosi usiku, Jumatatu ameuosha mtungi au ameyaacha machicha?

Wapo watakaouliza: basi tusifurahi? Tufurahi sana, ila tujifunze furaha ya Pasaka kwa Mfufuka mwenyewe. Alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza mara moja apewe chakula. Alipowatokea wanafunzi kando ya ziwa, wakiwa wamevua usiku kucha bila kupata kitu, waliukuta moto, samaki na mkate. Yeye aliyeshinda mauti aliwaandalia chakula cha asubuhi watu wenye njaa. Furaha ya Pasaka huanzia mezani, pale ambapo wote waliomo nyumbani wanapata.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kile ambacho baba alikiokoa katika siku arobaini kiendelee kuingia nyumbani katika siku hamsini, na mama akione kwa macho yake. Pili, jumuiya zilizokutana kila Ijumaa kwa ajili ya Msalaba zisilale sasa. Ziwatembelee waliobatizwa katika mkesha, na zijue ni nyumba gani haitafika mavuno bila msaada. Nasi mapadri na makatekista tusihubiri kwa nguvu wakati wa kufunga, kisha tukanyamaza wakati wa kuishi.

Injili ya leo inamleta Tomaso, aliyekataa kuamini mpaka aone alama. Yesu hakumfukuza, alimwonyesha majeraha yake. Katika nyumba zetu Tomaso ni mke na watoto. Wametusikia tukitangaza kwamba Kristo amefufuka, na wana haki ya kuona alama. Tunazo wiki sita hadi Pentekoste za kuwaonyesha.

Kristo amefufuka. Amefufuka kweli kweli, Aleluya!